Stamford na Burghley, au Bakewell na Chatsworth: Uanze na Mji Upi wa Gulio?

Mgeni anayepata siku chache za mapumziko akiwa Uingereza, awe mwanafunzi wa Leicester, muuguzi anayefanya kazi Birmingham au mzazi aliyekuja London kuwatembelea wanawe, kwa kawaida huelekezwa kwenye makasri ya kifalme ya jiji kuu na kuambiwa kwamba hiyo ndiyo historia ya nchi. Hiyo ni sehemu tu. Kwa karne nyingi maisha ya Waingereza wengi yalizunguka mji mdogo wenye gulio la kila wiki, na kando ya mji huo kabaila mwenye ardhi, kasri, na sauti ya mwisho katika mambo mengi ya wenyeji. Anayetaka kuielewa nchi hiyo avitazame vyote viwili pamoja, mji na kasri, kwa sababu kimoja hakielezeki bila kingine. Hapa ninalinganisha jozi mbili ambazo mtu mwenye muda mfupi hulazimika kuchagua kati yake: Stamford, katika Lincolnshire, pamoja na kasri la Burghley, na Bakewell, katika Derbyshire, pamoja na makasri mawili, Chatsworth na Haddon.

Nitoe hukumu yangu mapema ili msomaji aipime kadiri anavyosoma. Mwenye siku moja tu na asiye na gari aende Stamford. Mwenye siku mbili au zaidi, anayeweza kutembea kwa miguu kwenye vilima bila kuchoka upesi, aende Bakewell. Kwa uzuri wa mji wenyewe, Stamford inaishinda Bakewell kwa mbali; lakini kwa yale ambayo makasri yanaweza kumfundisha msomaji wa Afrika Mashariki, Bakewell ina hazina kubwa zaidi.

Miji yenyewe

Stamford imejengwa karibu yote kwa mawe ya chokaa yenye rangi ya manjano iliyopauka, kuanzia makanisa hadi maduka ya kawaida, na ni nadra kukuta mji wa Kiingereza ambao mtaa baada ya mtaa unaonekana kutoka katika mkono mmoja namna hii. Mji uko kwenye Mto Welland, mahali ambapo barabara kuu ya kale kutoka London kwenda kaskazini ilivuka maji, na katika zama za kati ulitajirika kwa biashara ya sufu. Mfanyabiashara mmoja wa sufu, William Browne, alianzisha katika miaka ya 1470 nyumba ya kuwatunza wazee maskini, na nyumba hiyo bado ipo katika mtaa wa Broad Street, na bado wapo wazee wanaopata makazi kwa wakfu wake. Makanisa matano ya zama hizo yamesimama hadi leo katika mji unaoweza kuuzunguka kwa miguu asubuhi moja.

Baada ya sufu kupungua thamani, Stamford ilipata neema ya pili kutokana na magari ya kukokotwa na farasi yaliyopumzika hapo njiani kati ya London na York. Hoteli ya The George inabeba kumbukumbu ya wakati huo: bango lake limetundikwa kwenye boriti inayovuka barabara nzima, na ndani kuna milango miwili iliyoandikwa London na York, ambako abiria wa kila upande walisubiri safari yao. Kisha, katikati ya karne ya 19, reli kuu ya kwenda kaskazini ilipitia Peterborough na kuiacha Stamford kando, ikiwa na njia ndogo tu. Viwanda vikubwa vilikua kwingine. Jambo ambalo wenyeji wa wakati ule walilihesabu kuwa hasara ndilo lililouokoa mji, kwa kuwa hapakuwa na fedha wala sababu ya kubomoa majengo ya kale ili kujenga mapya. Mwaka 1967 Stamford ikawa mji wa kwanza nchini humo kutangazwa eneo la kuhifadhiwa kisheria, na leo majengo yake yanayolindwa yanazidi 600.

Bakewell haiwezi kufua dafu mbele ya orodha hiyo. Ina daraja zuri la mawe lenye matao matano juu ya Mto Wye, lililojengwa karibu na mwaka 1300. Ina kanisa kilimani lenye misalaba ya mawe iliyochongwa kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza. Na ina mitaa michache ya mawe ya kijivu na ya kahawia ambayo mwishoni mwa wiki za kiangazi hujaa wageni kiasi cha kukera. Mtu akiiona Bakewell Jumamosi ya Agosti mchana, anaweza kudhani ameona mji wa maduka ya zawadi tu, na asilaumiwe.

Aje Jumatatu. Siku hiyo mji hurudia kazi iliyouzaa. Mabanda ya vitambaa, jibini, mboga na vyombo hupangwa katikati ya mji, na ng'ambo ya mto hufanyika mnada wa mifugo ambao mgeni anaweza kuingia na kuutazama. Wakulima wa vilima vya Derbyshire huegemea vyuma vya uzio wakiwa wamevaa buti zenye matope, kondoo huingizwa uwanjani kundi kwa kundi, na dalali hutaja bei kwa kasi ambayo hata Mwingereza wa mjini haifuati vizuri. Mtu aliyekulia karibu na mnada wa ng'ombe wa Dodoma au Kajiado atatambua mara moja kinachoendelea: yule anayekohoa ili bei ipande, yule anayejifanya hataki, na yule mzee ambaye kila mtu anangoja kuona atafanya nini. Stamford nayo ina gulio lake la Ijumaa, lenye uhai na lililopangika vizuri, lakini ni la mboga, maua, mikate na nguo. Mahali palipokuwa soko la ng'ombe sasa pamegeuzwa maegesho ya magari. Kwa hiyo Stamford imehifadhi majengo ya mji wa gulio, ilhali Bakewell imehifadhi gulio lenyewe.

Kasri moja lililo karibu, makasri mawili yaliyo mbali kidogo

Burghley lilijengwa kati ya 1555 na 1587 na William Cecil, mshauri mkuu wa Malkia Elizabeth I na mweka hazina wake. Sifa yake kubwa kwa msafiri ni ukaribu. Ukitoka stesheni ya Stamford unapita karibu na hoteli ya The George, unapanda mtaa wa St Martin's, unaingia katika kanisa la Mtakatifu Martin kuliangalia kaburi la alabasta la Cecil mwenyewe, aliyefariki mwaka 1598, kisha unaendelea hadi kwenye viunga vya kasri wanamochunga kulungu. Kutoka mtoni hadi mlangoni ni mwendo wa kilomita mbili hivi. Hakuna kingine katika ulinganisho huu kinachoonyesha kwa uwazi namna hiyo jinsi mji na kasri vilivyofungamana, kwa sababu miguu yako yenyewe inaupima umbali kati ya mtawala na mtawaliwa.

Kwa nje, Burghley ni msitu wa minara na dohani zilizochongwa kama nguzo za Kirumi. Kwa ndani, sehemu kubwa ya vyumba vya fahari ilipambwa upya mwishoni mwa karne ya 17, wakati ambapo mwenye nyumba alinunua picha nyingi Italia na kumwajiri mchoraji Antonio Verrio. Verrio alikifunika chumba kimoja, kuta na dari, kwa miungu ya Kigiriki wakistarehe mbinguni, na kwenye ngazi zilizo jirani akachora jehanamu, ambayo lango lake ni kinywa kilichoachama cha paka mkubwa. Binafsi navutiwa zaidi na jiko la kale, lililobaki tangu enzi za Cecil, lenye dari ya juu sana, safu za sufuria za shaba, na mafuvu ya kasa waliopikwa mchuzi kwa ajili ya wageni. Mtu wa pwani anayemjua kasa akiwa hai baharini atasimama hapo kwa muda mrefu kuliko mbele ya miungu ya Verrio.

Yapo pia mambo ya riadha, na kwa watu wetu hayo si madogo. David Cecil, aliyezaliwa katika familia hii na baadaye akaurithi umiliki wa Burghley, alishinda medali ya dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, na kuanzia 1946 hadi 1976 alikuwa rais wa Shirikisho la Kimataifa la Riadha. Ni katika miaka yake ya uongozi ambapo Naftali Temu na Kipchoge Keino walishinda Mexico mwaka 1968, na John Akii-Bua wa Uganda akashinda Munich mwaka 1972 mbio zilezile alizoshinda Cecil, akaweka rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Anayefuatilia riadha aingie Burghley akiwa na habari hizo kichwani.

Chatsworth ni jambo jingine kabisa. Bess wa Hardwick na mumewe William Cavendish walinunua ardhi hiyo mwaka 1549, lakini jengo linaloonekana leo kwa sehemu kubwa ni la Duke wa kwanza wa Devonshire (Duke ni cheo cha juu cha makabaila), wa ukoo huohuo wa Cavendish, aliyelijenga upya kati ya 1687 na 1707. Burghley limefinyangwa na enzi chache na kuachwa. Chatsworth halijawahi kuacha kubadilika. Karne ya 18 ilileta mtaalamu wa bustani Lancelot Brown, ambaye alitengeneza pia viunga vya Burghley, ili ayageuze mabonde yaonekane kama yaliumbwa hivyo. Kijiji cha Edensor, kilichokuwa kinaonekana kutoka kasri, kiliondolewa kwa sehemu kubwa na kujengwa upya mahali palipositirika nyuma ya kilima, ili Duke asikione. Jambo hilo moja linaeleza nguvu ya mwenye ardhi kuliko maelezo marefu, na ninamsihi msomaji apite Edensor badala ya kulifikia kasri kwa gari moja kwa moja. Katika makaburi ya kijiji hicho amelazwa Kathleen Kennedy, dada yake Rais John F. Kennedy, aliyeolewa katika familia ya Cavendish na kufa katika ajali ya ndege mwaka 1948.

Bustani ya Chatsworth ni kubwa kuliko unavyoweza kuimaliza kwa saa mbili, na mtu wa kumkumbuka humo ni Joseph Paxton, mtoto wa mkulima aliyefanywa mkuu wa watunza bustani mwaka 1826 akiwa kijana wa miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 1844 alikamilisha chemchemi inayoweza kurusha maji mamia ya futi juu bila pampu yoyote. Maji hushuka kwa uzito wake kutoka bwawa lililochimbwa juu ya kilima, na mgandamizo huo ndio unaoyasukuma hewani. Ilijengwa kwa haraka kwa kutarajia ziara ya mfalme wa Urusi, ambaye hakuja. La muhimu zaidi kwetu ni mgomba. Paxton alipata mche wa mgomba uliotoka Mauritius, akaupanda katika nyumba ya vioo iliyopashwa joto, na mwaka 1835 ukachanua, kisha ukazaa. Aina hiyo ikapewa jina la ukoo wa bwana wake, Cavendish, na leo ndizi za kundi hilo ndizo zinazotawala biashara ya ndizi duniani. Mkulima wa Kenya anayepanda Giant Cavendish anapanda jina la familia ya Chatsworth.

Ukoo huohuo umeandikwa katika historia yetu kwa namna nzito zaidi. Victor Cavendish, Duke wa tisa, alikuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1923, wakati serikali ya Uingereza ilipotoa waraka ambao wanafunzi wa historia Kenya bado wanaujua kwa jina la Devonshire. Waraka huo ulitamka kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatangulie yale ya wahamiaji. Lakini uliziacha nyanda za juu mikononi mwa walowezi wa Kizungu, ukayakataa madai ya Wahindi ya kupiga kura katika daftari moja na Wazungu, na sauti ya Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria ukaiweka kwa mmisionari aliyeteuliwa kuwasemea. Kutembea katika Ukumbi wa Michoro wa Chatsworth, chini ya picha za ushindi wa Julius Caesar, huku ukijua kwamba mwenye nyumba hii alitia mkono katika mgawanyo wa ardhi ya Kikuyu na ya Wamaasai, ni tukio ambalo Burghley haliwezi kulitoa.

Haddon nalo liko kilomita tatu hivi kusini mwa Bakewell, na watu wengi hulipita wakiharakia Chatsworth. Wanakosea. Haddon ni kasri la zama za kati ambalo wenyewe, wakiisha kupata cheo cha Duke wa Rutland na kuhamia Belvoir, waliliacha likiwa tupu kwa karibu miaka 200. Kwa hiyo hakuna aliyelibomoa ili kufuata mtindo wa karne ya 18 wala wa 19. Lilipofufuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, jiko, ukumbi wa karamu, kanisa dogo lenye michoro ya ukutani ya karne ya 15 na sebule ndefu ya mbao vilikuwa bado vipo. Vyombo vya mbao vya jikoni vimechimbika kwa visu vya wapishi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Chatsworth hukuonyesha kile ambacho matajiri walitaka kionekane, ilhali Haddon limebaki na alama za watu waliofanya kazi. Iwapo fedha zako zinatosha kiingilio kimoja tu ukiwa Bakewell, na huna watoto, nenda Haddon. Viunga vya Chatsworth unaweza kuvitembea bila kulipa.

Waliokuwa nje ya ukuta

Kila upande una mtu au tukio linalomkumbusha msafiri kwamba makasri haya yalikuwa na ukuta. Stamford ina John Clare, mshairi aliyezaliwa 1793 katika kijiji cha Helpston kilicho karibu, mtoto wa kibarua wa mashambani. Akiwa mvulana alinunua kitabu cha mashairi mjini Stamford, na kwa kuwa hakutaka watu wamwone akisoma siku ya kazi, aliruka ukuta wa viunga vya Burghley akajificha ndani kukisoma. Akiwa njiani kurudi akatunga shairi. Baadaye alifanya kazi katika bustani za kasri hilohilo. Ukitembea kandokando ya ukuta huo, mkumbuke.

Upande wa Bakewell, eneo zima limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Peak District, ya kwanza kuanzishwa nchini humo, mwaka 1951. Sehemu ya harakati zilizoizaa ni tukio la Aprili 1932, ambapo mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wafanyakazi wa Manchester, waliingia kwa makusudi katika mlima wa Kinder Scout, uliokuwa uwanja wa kuwinda ndege wa Duke wa Devonshire, wakidai haki ya kutembea. Watano walifungwa jela. Mwaka 2002 Duke wa kumi na moja aliomba radhi hadharani kwa yaliyotendwa na babu yake. Kwa sababu hiyo naona Bakewell inamfaa zaidi mtu anayetaka kutembea: njia ya miguu kutoka mjini, juu ya kilima chenye msitu, kupitia Edensor hadi Chatsworth, ni kama kilomita tano, na ile ya Monsal Trail, iliyotengenezwa juu ya reli iliyofungwa, ina mahandaki ya treni ambayo tangu 2011 hupitwa kwa miguu na baiskeli.

Safari, chakula na siku za kwenda

Stamford hufikika kwa treni: kutoka London King's Cross hadi Peterborough ni chini ya saa moja kwa treni za haraka, kisha unabadili kwa safari fupi ya kama robo saa; na kutoka Leicester na Birmingham kuna treni za moja kwa moja. Bakewell haina stesheni tangu 1967. Utafika Sheffield au Matlock kwa treni na kupanda basi, na lazima ujue saa ya basi la mwisho la jioni, hasa Jumapili na miezi ya baridi, ambapo giza huingia karibu saa kumi alasiri. Wenye watoto wadogo watafurahia Chatsworth zaidi, kwa sababu ya zizi la mifugo na uwanja wa michezo, ingawa Burghley nako kuna bustani ya maji ya kuchezea. Wazee na wenye magoti mabovu wawe waangalifu Haddon, ambako sakafu na ngazi zimelika vibaya.

Kwa chakula, Bakewell ina pudini yake ya lozi, mayai na jamu ndani ya unga uliokandwa kwa tabaka, tamu sana inapokuwa ya moto. Mwislamu aulize kwanza kama mafuta ya unga ni siagi, si ya nguruwe. Stamford ina migahawa mizuri zaidi kwa jumla, lakini soseji maarufu za Lincolnshire ni za nguruwe.

Siku ya wiki ina uzito kuliko wageni wengi wanavyodhani. Kwa miaka mingi kasri la Burghley limekuwa likifungwa Ijumaa, siku ileile ya gulio la Stamford, kwa hiyo mwenye kutaka vyote alale usiku mmoja, gulio Ijumaa na kasri Jumamosi. Aepuke pia siku za mwanzo wa Septemba, wakati mashindano makubwa ya farasi ya Burghley yanapojaza hoteli zote. Kwa Bakewell, fika Jumapili jioni, uwe mnadani Jumatatu asubuhi na Haddon mchana wake, kisha Jumanne uvuke kilima kwa miguu hadi Chatsworth na kurudi kwa basi. Makasri yote matatu hufunga vyumba vyake kwa sehemu ya majira ya baridi, na tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka. Thibitisha kalenda ya kasri kabla ya kulipia tiketi ya treni.